UZI: Shotigani ya zamani, utajuaje imetengenezwa wapi, lini, na ina thamani gani?

#1 Mwenge_wa_Same
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua. Kuna bunduki moja ya marisau, mitutu miwili sambamba, haina nyundo za nje. Leseni ipo hai, na bunduki yenyewe iko kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa ajili ya ukaguzi kabla ya kubadilisha mmiliki. Juu, kwenye ukanda ulio kati ya mitutu, pameandikwa SHAW & HUNTER, NAIROBI. Mmoja anasema ni bunduki ya kifahari ya Kiingereza, mwingine anasema ni chuma chakavu.

Chini ya mitutu kuna alama hizi: taji juu ya BP, taji juu ya BV, taji juu ya NP, almasi ndani yake 12 na C, halafu 2½", 1⅛ OZ, na namba 13 yenye 1 chini yake. Mtutu wa kushoto una neno CHOKE, wa kulia hauna. Ni ya mwaka gani, na ithaminiwe vipi?

#2 FundiMitutu
Mkuu, umeanza vizuri kwa sababu umesoma chini. Wengi huishia juu.

Maandishi ya ukandani mara nyingi ni jina la duka, siyo la kiwanda. Shaw & Hunter walikuwa wauzaji wa bunduki Nairobi, kama alivyokuwa Charles A. Heyer. Waliagiza bunduki Birmingham zikachongwa jina lao. Hata Uingereza kwenyewe maduka ya miji midogo yalifanya hivyo hivyo, na Webley & Scott walitengeneza nyingi sana za namna hiyo. Kwa hiyo jina hilo linakwambia iliuzwa wapi. Ni historia nzuri, lakini halithibitishi ubora.

Sasa alama zako. Taji na BP, BV, NP ni mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, yaani mahali mitutu hujaribiwa uimara kabla ya kuuzwa, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1813. Mfumo wa herufi hizo ulianza 1904. Kabla ya hapo Birmingham walipiga fimbo mbili za kifalme zilizopishana, na herufi BPC na V. Urefu wa chemba, yaani hiyo 2½", ulianza kupigwa kwa kanuni za 1925. Kanuni za 1954 zikaondoa namba kama 13/1 na kuleta desimali (.719) pamoja na shinikizo kwa tani (kwa inchi ya mraba). Bunduki yako ina urefu wa chemba lakini haina tani wala desimali. Basi ilijaribiwa kati ya 1925 na 1954.

NP maana yake ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. 1⅛ OZ ni uzito wa juu wa marisau, kama gramu 32. Almasi yenye 12 C ni chemba ya kipenyo namba 12.

#3 Marisau
Nyongeza kwa wageni wa uzi: hiyo "12" asili yake ni idadi ya mipira ya risasi inayolingana na tundu la mtutu, inayopatikana kwenye ratili moja ya madini ya risasi. Ndiyo maana namba ikikua tundu linapungua. 12 ni kama mm 18.5, 16 ni 16.8, 20 ni 15.6. Ile ya .410 haifuati hesabu hiyo, ni kipenyo chenyewe kwa inchi.

#4 NakuruWest
Wadau, hapo kwa 13/1 msipite haraka, maana ndipo pesa ilipo. Almasi ni chemba. Ile 13/1 ni tundu la mtutu lenyewe siku ya majaribio. Jedwali la zamani, kwa inchi, liko hivi:

14 = .693
13 = .710
13/1 = .719
12 = .729
12/1 = .740

Mtutu uliopigwa 13/1 ulikuwa .719 au zaidi kidogo, lakini haujafika .729. Ukipima leo ukute .729 au zaidi, bunduki imetoka nje ya majaribio yake. Uingereza haiwezi kuuzwa hivyo mpaka ijaribiwe upya, na mtutu unaweza kupasukia kwenye majaribio hayo hayo. Kipimo huchukuliwa inchi 9 kutoka upande wa chemba, kwa geji ya ndani ya bunduki. Kalipa ya kawaida haifiki huko, itakupa namba ya mdomoni, na mdomoni kuna choki, yaani tundu limebanwa kidogo. Namba hiyo haina maana yoyote kwa kazi hii.

#5 Mwenge_wa_Same
Geji hiyo muuzaji anayo. Nipime nini kingine kabla ya kuzungumza bei?

#6 FundiMitutu
Fuata mpangilio huu, na mwenye leseni au fundi aliyesajiliwa ndiye ashike bunduki.

Kwanza fungua, tazama chemba zote mbili, ingiza kidole. Macho peke yake hayatoshi, ganda la zamani lenye kutu hukaa kama sehemu ya mtutu. Kisha toa kishikio cha mbele: nyingine zina kitufe kwenye ncha, nyingine kilewa (wenzo mdogo) katikati. Teremsha mitutu. Sasa una vipande vitatu. Namba ya bunduki iwe moja kwenye mkia wa kinga ya kifyatulio, kwenye bapa za chini za mitutu, na kwenye chuma cha kishikio cha mbele. Ikitofautiana, vipande viliunganishwa kutoka bunduki mbili, na thamani inaporomoka hata kama inafunga vizuri.

Kusoma mihuri: mafuta kidogo, mswaki laini, subiri nusu saa, futa. Usitumie msasa wala brashi ya chuma, mihuri ina kina kidogo sana. Pitisha vumbi la chaki, lifute juu libaki ndani ya michoro, halafu piga picha taa ikiwa pembeni, karibu ilale na chuma. Mwanga wa mbele unaua kila kitu.

Ning'iniza mitutu kwa kidole kupitia ndoano ya chini, iguse kwa ukucha au kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, ukanda umeshika. Ikitoa sauti butu kama ya bati, risasi ya kulehemu imeachia mahali fulani, na unyevu umekuwa ukiingia katikati. Kwa bunduki iliyokaa Tanga au Mombasa hili ndilo jambo la kwanza la kushuku, kwa sababu kutu ya ndani ya ukanda haionekani mpaka itoboe.

Elekeza mitutu kwenye ukingo wa dirisha, tazama ndani ukizungusha polepole. Kivuli cha ukingo kikivunjika kama pete, pale pamevimba. Kikipinda upande mmoja tu, pamebonyea. Bonyeo hurekebishwa na fundi. Uvimbe ni habari nyingine, chuma kimeshavutika.

#7 Bapa_la_Chini
Na mtikisiko. Rudisha mitutu BILA kishikio cha mbele, maana springi yake huficha ulegevu. Funga, shika shingo ya kitako, tikisa. Ukisikia kugonga, mitutu imeachana na uso wa bodi (kile chuma kinachobeba mitambo nyuma ya mitutu). Thibitisha kwa karatasi ya sigara: weka kipande kati ya uso wa bodi na nyuma ya mtutu, funga. Ikifunga na karatasi ikateleza kutoka, kuna mwanya. Angalia pia kilewa cha juu cha kufungulia mitutu. Kwenye bunduki nzuri kinasimama katikati au kulia kidogo. Kikivuka kwenda kushoto, komeo limelika.

Tahadhari na dawa za mkato. Kuna wanaogonga ndoano kwa nyundo, au kulehemu nukta ya chuma, ili ibane kwa wiki mbili za kuuzia. Ndoano iliyogongwa ina alama za mapigo pembeni na kingo zake si mraba tena. Ukiona hivyo, shuka bei kwa gharama kamili ya kazi ya kufunga upya, kisha ongeza kitu kwa usumbufu.

#8 Mlinzi_wa_Shamba
Swali dogo. Chemba ni 2½" lakini risasi zinazouzwa leo ni za mm 70 na zinaingia bila shida. Tatizo liko wapi?

#9 NakuruWest
Tatizo ni hilo hilo, kwamba zinaingia. Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni wa ganda LILILOFYATULIWA. Kabla ya kufyatuliwa mdomo umekunjwa, kwa hiyo ganda la mm 70 lina urefu wa chini ya mm 65 na linakaa vizuri kwenye chemba ya 2½" (mm 65). Likifyatuliwa mdomo unafunguka, unaingia mm 5 kwenye koo la mtutu, njia inabanwa na shinikizo linapanda. Halafu risasi ya 70 huwa imetengenezwa kwa shinikizo kubwa zaidi tangu mwanzo. Kwa mihuri ya 1954, chemba ya 2½" ilikuwa tani 3 na ya 2¾" tani 3¼.

Pia kuna walioirefusha chemba bila kurudisha bunduki kwenye majaribio. Pima kwa geji ya chemba. Muhuri ukisema 2½" na geji ikasema 2¾", muhuri umekufa.

#10 Kasiba
Mimi kanuni yangu rahisi: ukiona mtutu wa damaski, ile yenye mawimbi kama mbao, tupa. Zote ni za baruti nyeusi.

#11 FundiMitutu
Hapana mkuu, hapo unatupa na mchele pamoja na pumba. Damaski ni vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa, vikazungushiwa kwenye fimbo na kufuliwa pamoja. Baadhi zilijaribiwa kwa baruti ya kisasa baada ya Uingereza kuanzisha majaribio hayo 1896, na zina muhuri wa NITRO PROOF au NP. Kinachohukumu ni muhuri, kipenyo na unene wa ukuta.

Lakini hofu yako ina msingi sehemu moja: kutu huingia kwenye maungio ya vipande na huwezi kuiona. Damaski yenye mashimo ya kutu ndani, isiyo na muhuri wa nitro, hiyo ni ya ukutani.

Na kuna damaski za uongo, chuma cha kawaida kilichochapwa michoro kwa asidi. Tazama sehemu inayofunikwa na kishikio cha mbele. Mchoro wa kweli unaendelea kule chini na unapindana na mtutu. Wa kuchapwa huishia ghafla au unajirudia sawasawa kama kitenge.

#12 Kasiba
Sawa, nimeelewa. Na zile zisizo na NP kabisa?

#13 FundiMitutu
Muingereza bila NP wala NITRO PROOF: hesabu ni ya baruti nyeusi tu. Ukikuta NOT FOR BALL, yaani isipigwe risasi ya mpira mmoja, hiyo ni kati ya 1875 na 1887, na ilionyesha mitutu yenye choki. Ikiwa muhuri ni GP zilizofumana chini ya taji, hiyo ni London. Kampuni ya mafundi bunduki ya kule ilipata hati ya kifalme 1637.

#14 Ziwa_Kivu
Huku kwetu Congo, na Rwanda na Burundi pia, nyingi ni za Ubelgiji. Ongezeni alama za Liège, mji wao wa bunduki.

#15 Bapa_la_Chini
Liège tafuta mviringo wa yai wenye ELG na nyota. Ukiwa na taji juu ya yai, ni kuanzia 1893. Simba juu ya PV ni majaribio ya baruti ya kisasa. Herufi moja chini ya taji ni ya mkaguzi, usiichanganye na mwaka. Mwaka ni herufi ndogo ya mwandiko, na mfumo wake ulianza 1922 kwa "a".

Wabelgiji wanaandika tundu kwa milimita, mfano 18.4, na mara nyingi choki pia. Za kipindi cha baadaye zinaweza kuwa na uzito wa mitutu, kitu kama 1 k 412. Huo ni zawadi: weka mitutu kwenye mzani. Ikipungua gramu nyingi, mtu ameisugua au ameikata.

Tahadhari ya majina: Liège ilitoa bunduki za bei nafuu zenye majina yanayofanana na ya Waingereza wakubwa. "W. Richards" siyo Westley Richards. Jina linasema Uingereza, yai linasema Ubelgiji, amini yai. Ila msidharau Ubelgiji kwa jumla, Francotte wa Liège alitengeneza bunduki za kusimama na Waingereza wazuri.

#16 Mlinzi_wa_Shamba
Na magobore je? Yapo yenye neno TOWER na taji.

#17 Marisau
TOWER kwenye bunduki ya biashara si uthibitisho wa ghala la kijeshi la London. Birmingham na Liège walipiga neno hilo kwa sababu lilikuwa linauza. Sababu ya magobore kuenea Afrika ni pamoja na Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Kwa hiyo teknolojia iliyokwisha Ulaya iliendelea kuletwa huku. Thamani yake ni ya makumbusho. Na gobore nalo ni silaha mbele ya sheria, lisikae kwenye dari bila leseni.

Turudi kwenye ya mtoa mada.

#18 Mwenge_wa_Same
Vipimo vimetoka. Tundu la kulia .721, la kushoto .728, vyote inchi 9 kutoka chemba. Ukuta mwembamba kabisa: kulia .024, kushoto .019. Mitutu inchi 28, mdomoni inagusana. Choki kushoto .018, kulia hakuna. Chemba 2½" kweli. Karatasi ya sigara inabanwa. Namba zinalingana zote tatu. Hakuna ejekta (kifaa cha kurusha nje maganda yaliyofyatuliwa). Bodi ni ya pembe nne na sahani za pembeni hazitoki. Mti wa kitako ni mweusi na laini pale unapokutana na chuma.

#19 NakuruWest
Safi sana, sasa tuna cha kusema.

Mitutu kugusana mdomoni ni habari njema. Mitutu miwili husogeleana kuelekea mbele. Ikikatwa unabaki mwanya katikati uliojazwa risasi ya kulehemu au kipande cha chuma. Urefu wa 28 ni wa asili, na choki yako ya kushoto inakubaliana na neno CHOKE. Ingekuwa imeandikwa CHOKE na kipimo kinasoma sifuri, ningesema imekatwa au choki imetolewa.

Mtutu wa kulia hauna tatizo. Kushoto .728 ni ndani ya majaribio kwa elfu moja ya inchi tu. Huenda ulitoka kiwandani ukiwa mpana, lakini ukiuweka kando ya .721 na ukuta wa .019, inaelekea mtu alisugua mashimo ya kutu upande huo. Mafundi wengi wa Uingereza hawapendi ukuta chini ya .020, na .025 kwenda juu ndiyo unalala usingizi. Hiyo .019 iko wapi? Karibu na chemba ni hatari, inchi 6 za mwisho kuelekea mdomo ni afadhali kwa sababu shinikizo limeshashuka.

#20 Mwenge_wa_Same
Inchi 8 kutoka mdomoni.

#21 NakuruWest
Haimo kwenye zile inchi 6 za mwisho, lakini iko mbali na chemba, basi si ya kutupa. Ila fundi asiguse tena ndani ya mtutu huo, hata kwa "kung'arisha kidogo". Elfu moja inaisha kwa dakika chache, na ikiisha huna bunduki tena, una mapambo.

#22 FundiMitutu
Sasa thamani. Bodi ya pembe nne ni boksiloki, yaani mitambo ya kufyatua imo ndani ya bodi yenyewe, muundo wa Anson na Deeley wa 1875 kutoka Westley Richards. Bila ejekta, jina la duka. Hii ni bunduki ya kazi, ilinunuliwa na mkulima au afisa. Kwenye minada ya Uingereza boksiloki za daraja hili zisizo na ejekta huenda kwa mamia machache ya pauni, nyingine chini ya hapo. Saidiloki (mitambo iko kwenye sahani za pembeni) ya Purdey au Holland & Holland katika hali nzuri ni makumi ya maelfu. Ndiyo maana mtu akisikia "Kiingereza ya zamani" hupanda bei bila sababu.

Kwa yako, kwenye bei jumlisha namba kulingana, urefu wa asili, kufunga vizuri. Jina la Nairobi linaongeza kitu kwa mkusanyaji wa mambo ya Afrika Mashariki, kwa mpigaji haliongezi. Toa ukuta wa kushoto. Toa kitako. Toa pia upatikanaji wa risasi: mnunuzi itabidi atafute za mm 65, marisau yasizidi gramu 32, na mimi ningeshauri 28. Kama risasi hizo hazipatikani ulipo, bei ya kutumia ni ndogo mno, iwe muhuri mzuri kiasi gani. Bunduki mpya ya chemba ya 70 itaishinda sokoni.

Wengine hukimbilia kupaka rangi ya bluu upya kabla ya kuuza. Usifanye. Kusugua kabla ya kupaka hulainisha kingo za mihuri na maandishi, na mnunuzi mjuzi akiona SHAW & HUNTER imefifia katikati ya bluu inayong'aa, anashuka bei papo hapo. Na usikubali bluu ya kuchemsha kwenye chumvi kwa mitutu iliyolehemiwa kwa risasi, chumvi inakula malehemu na ukanda unaachia.

#23 Bapa_la_Chini
Neno moja la kuangalia kwa wengine: SLEEVED. Maana yake mitutu ya zamani ilikatwa karibu na chemba ikaingizwa mipya. Hata bila neno, tafuta mstari mwembamba unaozunguka mtutu inchi chache kutoka nyuma. Inaweza kuwa salama kuliko ya asili, lakini bei mara nyingi ni kama nusu.

#24 Kasiba
Na vifyatulio? Hajaandika.

#25 Bapa_la_Chini
Kweli. Tumia risasi bandia za mazoezi, usifyatue kavu, pini huvunjika. Sefti ikiwa imefungwa vuta vifyatulio vyote kwa nguvu, achia, kisha fungua sefti. Nyundo ikianguka wakati huo, haiuzwi mpaka itengenezwe. Uzito pima kwa mzani wa samaki: cha mbele kama kilo 1.6, cha nyuma 1.8. Chini ya kilo 1.4 mtu amesugua meno.

#26 Mwenge_wa_Same
Sefti sawa, 1.7 na 1.9. Leseni ya mnunuzi inaanzia wapi?

#27 Marisau
Leseni ni ya mtu, haiendi na bunduki wala hairithiwi kama shamba. Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Mnunuzi apate kibali chake kwanza, bunduki ibaki kwa muuzaji aliyesajiliwa mpaka karatasi zikamilike. Kwenye hati ya tathmini andikeni namba ya bunduki, vipimo vyote vya #18 na tarehe.

#28 Mlinzi_wa_Shamba
Kile kitako cheusi na laini kinatibika?

#29 FundiMitutu
Ni mafuta. Bunduki ikisimamishwa mdomo juu kwa miaka, mafuta ya mitutu hutiririka kwenye bodi na kuzama kwenye mti. Mti ulioloa haubebi mrusho, unapasuka nyuma ya mkia wa bodi, kwa hiyo tazama hapo kwa lenzi. Kama hakuna ufa: fundi atoe kitako, apake unga laini wa chaki uliochanganywa na asetoni hadi uwe uji, auache ukauke, aubrashi, arudie mara tatu au nne mpaka unga usitoke na rangi ya kahawia. Asitumie joto la moto. Baada ya hapo ihifadhiwe mdomo chini, juu ya kitambaa.